Kidhibiti Chaji: Historia ya Chombo na Masaibu ya Jina Lake

Miongoni mwa maneno yaliyoingia katika Kiswahili pamoja na umeme wa jua, ni machache yanayoandikwa mara nyingi na kueleweka kwa nadra kama kidhibiti chaji. Mfasiri hulitia katika kitabu cha maelekezo, ofisa ugavi hulitia katika hati ya zabuni, na mwalimu wa ufundi hulisomesha darasani. Fundi naye, akiwa juu ya ngazi, husema kontrola na kuendelea na kazi yake. Kila mmoja hudhani kwamba mwenzake anajua ni chombo gani hasa kinachotajwa. Ukweli ni kwamba chini ya jina hilo moja vimejificha vyombo vitatu vyenye kazi tofauti na bei tofauti, na mtu akiuziwa kimoja badala ya kingine anaweza kupoteza zaidi ya nusu ya umeme ambao paneli zake zingempa.

Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi hali hiyo ilivyotokea. Tutakifuata chombo chenyewe tangu kilipozaliwa, na sehemu kubwa ya safari itatupeleka Marekani, juu ya mapaa ya magari ambayo watu huishi ndani yake. Tumeyachagua magari hayo kwa makusudi. Nyumba ya kawaida ina paa pana, na satelaiti ina wahandisi wake. Gari la kuishi lina paa dogo, betri mbili au tatu chini ya kitanda, jokofu, taa na pampu ya maji. Na mwenye gari ndiye mnunuzi, ndiye fundi, ndiye msimamizi wa mtambo. Huko, chombo kilichochaguliwa vibaya huumbuka upesi.

Kwanza tulitazame jina la gari lenyewe. Wamarekani huliita kwa herufi mbili, RV, kifupisho cha maneno yenye maana ya gari la burudani. Tafsiri hiyo ya neno kwa neno hatuipendi. Burudani kwa msomaji wetu ni muziki, ngoma na tamasha, na gari la burudani atalidhania kuwa ni gari la bendi. Isitoshe, wako wastaafu wengi wanaoishi ndani ya magari hayo mwaka mzima, wala hawana nyumba nyingine. Neno karavani linafaa kwa lile linalokokotwa, lakini haliwezi kulichukua lile lenye injini yake. Sisi tutaandika gari-nyumba kwa yote mawili.

Ukoo wa chombo tunachokizungumzia haukuanza na jua. Betri ya risasi na asidi ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, na tangu mwanzo ilikuwa na tabia mbili za usumbufu. Ikiachwa na njaa, yaani isipojazwa sawasawa, salfeti huganda juu ya mabamba yake na uwezo wake hupungua siku hadi siku. Ikishibishwa kupita kiasi, maji yaliyomo ndani ya asidi huvunjika yakawa hidrojeni na oksijeni. Hiyo ndiyo hali ambayo mafundi wetu huiita betri kuchemka, na ni jina zuri, ingawa hakuna moto. Kwa betri ya volti 12 yenye vyumba sita, hali hiyo huanza kuwa kali karibu na volti 14.4.

Mwaka 1912 magari ya Cadillac yalianza kuuzwa yakiwa na stata ya umeme, kazi ya Charles Kettering, na kuanzia hapo gari likahitaji betri pamoja na dinamo ya kuijaza. Dinamo ikizunguka polepole, volti zake hushuka chini ya zile za betri, na mkondo hugeuka ukarudi ulikotoka. Kwa hiyo pakawekwa swichi ya sumaku iliyoikata njia hiyo. Kazi ya kwanza ya chombo chetu ni hiyo: kuzuia mkondo usirudi. Kazi ya pili, yaani kuzuia betri isishibe kupita kiasi, ilichelewa kupata chombo chake. Magari mengi, pamoja na yale ya Ford Model A, yalikuwa na brashi ya tatu ndani ya dinamo, na brashi hiyo ilisogezwa kwa mkono kulingana na majira na safari. Dereva aliyesafiri mchana kutwa aliwasha taa kubwa juani ili kupunguza umeme uliokuwa ukiingia katika betri. Ni katika miaka ya 1930 ndipo virekebishi vya volti vilipoenea na kumwondolea dereva kazi hiyo.

Hapa tutue kidogo, maana Kiingereza chenyewe kiliingia katika mashaka ambayo sisi tumeyarithi. Chombo cha gari kilipewa jina lenye maana ya kirekebishi. Chombo cha jua kilipokuja, wengine waliendelea na jina hilo, na wengine wakachukua jina lenye maana ya kidhibiti, na hadi leo majina hayo mawili hutumika bega kwa bega kwa kitu kile kile. Mfasiri anayekutana na yote mawili katika kitabu kimoja asidhani kwamba ni vyombo viwili.

Seli ya jua ya silikoni yenye manufaa ilionyeshwa hadharani tarehe 25 Aprili 1954 na Maabara za Bell nchini Marekani. Wabunifu wake walikuwa Daryl Chapin, Calvin Fuller na Gerald Pearson, nayo iligeuza takriban asilimia 6 ya mwanga kuwa umeme. Mwezi Machi 1958 satelaiti ya Vanguard 1 ilirushwa ikiwa na seli za namna hiyo. Duniani bei yake haikushikika. Mwaka 1959 msafara wa magari-nyumba ya Airstream, ukiongozwa na Wally Byam, uliondoka Cape Town, ukapita Kenya na Ethiopia, ukafika Cairo mwaka 1960. Wasafiri hao walikuwa na vitanda, majiko na majokofu, na juu ya mapaa yao ya alumini lilipita jua la bara zima. Lakini seli wakati huo zilikuwa mali ya satelaiti.

Mambo yaligeuka baada ya mafuta kupanda bei mwaka 1973. Mwanakemia Elliot Berman, akisaidiwa na fedha za kampuni ya Exxon, alikuwa ameteremsha bei ya paneli kutoka takriban dola 100 kwa wati hadi karibu dola 20, na wanunuzi wa kwanza wakawa wenye maboya ya baharini, minara ya simu na mitambo ya mafuta iliyo mbali na watu. Wenye magari-nyumba walifuata. Mwaka 1983 idara ya serikali ya Marekani inayosimamia ardhi ya umma ilianza kutenga maeneo katika majangwa ya Arizona na California ambamo mtu aliruhusiwa kupiga kambi majira yote ya baridi, kuanzia tarehe 15 Septemba hadi 15 Aprili. Eneo lililo karibu na mji mdogo wa Quartzsite, Arizona, ndilo linalojulikana zaidi. Katika sehemu kubwa ya jangwa hilo hakuna nguzo za umeme. Jua lipo, na wazee wenye subira ya kupima volti asubuhi na jioni wapo. Kama chombo hiki kina shule iliyokilea, basi ni jangwa lile.

Paneli za kwanza za magari-nyumba zilikuwa ndogo. Paneli ya wati 35 hutoa kama ampea 2, na betri za ampea-saa 200 huuvumilia mkondo huo bila kuchemka. Kilichohitajika ni diodi moja ya kuzuia umeme usirudi usiku, na mfumo ukakamilika. Wenyewe walipoongeza paneli ya pili, ya tatu na ya nne, mkondo ulifika ampea 8, na mtu aliyeliacha gari lake nyuma ya nyumba kiangazi chote alirudi na kukuta betri zimekauka. Kazi ya pili ikadai chombo chake, kama ilivyokuwa kwa dinamo.

Watengenezaji walijaribu kwanza kuikwepa. Kila seli ya silikoni hutoa takriban nusu volti, na paneli ya kawaida ya kujaza betri ya volti 12 ilikuwa na seli 36. Baadhi yao wakauza paneli ya seli 30, wakidai kwamba inajirekebisha yenyewe: betri ikikaribia kujaa, paneli ingeishiwa na volti na mkondo ungepungua bila chombo chochote. Hesabu ilikuwa sawa katika ubaridi. Lakini volti za seli hushuka kadiri joto linavyopanda, na juu ya paa la gari mchana wa jua kali paneli hufika nyuzi 60 na zaidi. Paneli ile ikawa haiijazi betri kabisa pale ilipotakiwa zaidi. Ilitoweka sokoni, na hatusikitiki.

Wakati huo huo jambo hilo lilikwisha kufika kwetu. Mwaka 1984 Mmarekani Harold Burris, akishirikiana na mwalimu Mark Hankins, alifunga mitambo ya taa za jua katika shule ya sekondari ya Karamugi, eneo la Meru, Kenya, na mafundi wa huko wakafundishwa kazi. Katika miaka iliyofuata wananchi wa Kenya walinunua paneli kwa fedha zao wenyewe, paneli moja ndogo na betri ya gari, kwa ajili ya taa na televisheni ya volti 12. Mitambo mingi ya namna hiyo iliuzwa bila kidhibiti. Aliyepunguza gharama aliona kwamba paneli hutoa umeme, betri huuhifadhi na taa hung'aa, lakini hakuona kidhibiti kinatoa nini. Kwa paneli ya wati 12 hakukosea sana upande wa kuchemka. Tatizo la betri yake lilikuwa njaa, maana hapakuwa na kitu cha kuzima televisheni betri inapokaribia kuisha. Vidhibiti vingi vya jua vilikuja kuongezewa kazi hiyo ya tatu, yaani kukata matumizi, na kwa nyumba za Kenya hiyo ndiyo iliyokuwa kazi kubwa. Hakuna silabi moja ya kidhibiti chaji inayoidokeza.

Vidhibiti vya mwanzo vilikuwa swichi tu. Betri ikifika volti 14.4 swichi ilifunguka, mkondo ukakatika. Volti zikishuka hadi 13 hivi, ilifunga tena. Betri iliyojazwa hivyo aghalabu haikujaa kikamilifu. Transista zenye nguvu ziliposhuka bei, swichi ilianza kufunguka na kufunga mara mia na zaidi kwa sekunde, na betri ilipokaribia kujaa mapigo ya mkondo yakawa mafupi zaidi na zaidi, kama mtu anayemalizia kujaza chupa kwa matone. Vyombo vya namna hii vilienea katika miaka ya 1990, na makasha yake huandikwa herufi PWM.

Hata hivyo, swichi hata ikiwa na kasi ya namna gani hubaki swichi. Inapofunga, paneli huunganishwa moja kwa moja na betri na kulazimishwa kufanya kazi kwa volti za betri. Tufanye hesabu. Paneli ya wati 100 yenye seli 36 hutoa nguvu yake yote ikiwa na volti 18 na ampea 5.5. Iunganishwe na betri yenye volti 12.5: mkondo utabaki ampea 5.5, na nguvu itakuwa takriban wati 69. Wati 31 hazikuibwa na mtu, hazikuzalishwa. Sasa tuchukue paneli ya aina inayotengenezwa kwa ajili ya mapaa ya nyumba, yenye seli 60, wati 300, volti 32 na ampea 9.4. Kwa kidhibiti kile kile itatoa ampea 9.4 kwa volti 12.5, yaani wati 117 au 118. Mnunuzi amelipia 300.

Dawa ya ugonjwa huo ilijulikana kwa wahandisi wa satelaiti tangu miaka ya 1960. Mwaka 1968 A. F. Boehringer alichapisha maelezo ya kigeuzi kinachojirekebisha ili kuikamua paneli nguvu yake ya juu kabisa. Katika mashindano ya kwanza ya magari ya jua kutoka Darwin hadi Adelaide, Australia, mwaka 1987, vyombo vya namna hiyo vilikuwamo ndani ya magari. Hiki si swichi. Ni kigeuzi chenye koili, kinachopokea umeme wa volti nyingi na ampea chache na kuutoa ukiwa na volti chache na ampea nyingi, huku kikijaribu mara kwa mara volti gani ya paneli inatoa nguvu kubwa zaidi kwa wakati huo. Paneli yetu ya wati 300, kigeuzi kikipoteza asilimia 5, itaingiza katika betri karibu ampea 23 mahali pa 9.4. Makasha yake huandikwa herufi MPPT. Yako sokoni makasha yenye herufi hizo ambayo ndani yake hamna koili yoyote. Wepesi wa kasha aghalabu huisema kweli kabla ya kipimo.

Wasomaji wasielewe kwamba chombo cha tatu ndicho bora kila mahali. Mwenye gari-nyumba kule Quartzsite, asubuhi ya Januari yenye ubaridi na betri zilizochoka kwa usiku mrefu, hupata faida yake kubwa: paneli ina volti nyingi na betri ina chache. Mwenye paneli ya seli 36 mahali pa joto kali, kwa mfano Lodwar, hali yake ni nyingine. Paneli ikipata joto la nyuzi 65 volti zake za kazi hushuka hadi karibu 15, na betri inayokaribia kujaa ina 14; kilichobaki cha kuokolewa ni kidogo mno kuweza kurudisha tofauti ya bei. Ubaridi nao una hatari yake. Paneli mbili za volti 22, zikiwa hazijaunganishwa na kitu, zikifungwa kwa mfuatano hutoa volti 44. Katika nyuzi 15 chini ya sifuri hukaribia 50, na chombo kilichoandikwa volti 50 kwenye kasha huwa ukingoni mwa kuungua. Kwa hiyo anayechagua hana budi kuuliza mambo matatu: volti za paneli siku ya baridi kuliko zote, ampea zitakazoingia katika betri, na umbali uliopo kati ya volti za paneli na zile za betri. Jina kidhibiti chaji halimwelekezi kwenye hata moja.

Sasa turudi kwenye neno. Kudhibiti kwa Kiswahili ni kushika barabara, kuzuia kitu kisivuke mpaka. (Tunawaomba wafasiri wasilichanganye na thibiti, ambalo ni kuwa imara au kuwa kweli, kosa hilo limekuwa la kawaida hata magazetini.) Mwananchi wa Kenya alilizoea umbo hili kutokana na kidhibiti mwendo, kifaa ambacho kanuni zilizoanza kutumika mwaka 2004 ziliagiza kifungwe katika matatu ili zisizidi kilomita 80 kwa saa. Kidhibiti mwendo hakiongezi mwendo. Vivyo hivyo msomaji wa kidhibiti chaji huelewa, na ni haki yake kuelewa hivyo, kwamba ni kitu cha kuzuia. Kwa chombo cha kwanza na cha pili ameelewa sawa. Kwa cha tatu amepotoshwa, maana kazi yake kubwa ni kuongeza. Waingereza na Wamarekani walikibandika chombo kipya jina la kile cha zamani kwa sababu kilikaa mahali pale pale ukutani; sisi tulipolitafsiri jina hilo tulitafsiri mazoea yao.

Tunapendekeza basi kwamba kidhibiti chaji libaki kuwa jina la jumla, kwa kuwa limekwisha kuzoeleka, lakini lisiandikwe peke yake katika hati yoyote ya manunuzi. Chini yake yawepo matatu. Cha kwanza, ile swichi sahili, kiitwe kikata chaji. Cha pili kiitwe kidhibiti mapigo, ambapo mapigo yanaeleweka kwa kila aliyewahi kupimwa moyo. Kwa cha tatu tumesikia kifuatiliaji cha nukta ya nguvu ya juu kabisa, tafsiri kamili isiyokosea kitu ila urefu wake, na fundi hataitamka hata siku moja. Lugha yetu ina mtindo mwepesi zaidi, ule wa kinasa sauti, kipaza sauti na kipima joto. Kwa mtindo huo tunapendekeza kiandama kilele. Kuandama ni kufuata bila kuachia, na kilele ndicho hasa kinachoonekana katika mchoro wa nguvu ya paneli.

Yapo mapingamizi, nasi tumeyapima. Wapo wanaosema kwamba fundi atasema kontrola tu, kama alivyosema kompyuta wakati wengine wakihangaika na tarakilishi. Inawezekana. Lakini kontrola la fundi halina madhara, kwa sababu fundi amekishika chombo mkononi. Madhara yako kwa asiyekiona: karani wa wilaya anayeandika kwamba zahanati inahitaji paneli za wati 300 za seli 60 na kidhibiti chaji cha ampea 30, na mzabuni wa bei ya chini akaleta kidhibiti mapigo, na kwa mujibu wa maandishi hakuvunja sharti lolote. Karani huyo angeandika kiandama kilele cha ampea 30, volti 100 upande wa paneli, mzabuni asingekuwa na pa kujificha.

Limebaki suala moja ambalo hatukulimaliza. Betri za lithiamu na fosfati ya chuma, ambazo sasa zimejaa katika magari-nyumba na zinaingia majumbani mwetu, huja na saketi ya ulinzi ndani ya kasha lake. Saketi hiyo hukata mkondo chumba kimoja kikizidi volti, na zilizo nyingi huzuia betri isijazwe joto likiwa chini ya nyuzi sifuri. Hiyo nayo wengine wanaiita kidhibiti. Tungependelea kilinda betri, lakini neno hilo linatumiwa na baadhi ya wafanyabiashara kwa ile swichi ya kukata matumizi, na mpaka hapo tutakapopata maoni ya walimu wa vyuo vya ufundi tunaona ni heri kuliacha wazi.